Mkwaruzo

Shangazi Aikaeli alipikia wageni
kiwandani kwa sukari, Arusha Chini,
mwaka ule mitambo ilipogoma kusaga
wakaletwa Wakuba wawili, wembamba, wenye masharubu.
Walipoondoka walisahau vitu vitatu:
mswaki, deni la mayai, na santuri.

Kwenye jalada, mwanamke: Rosalba Inchaurri.
Mkono kiunoni, ua sikioni,
jino moja limempanda jirani yake.
"Mwenye jino kama lile," akasema shangazi, "hawezi kuringa."

Akamtungia maisha
kama unavyomshonea mtu gauni bila kumpima:
amezaliwa penye baridi, mfano wa Kilema,
kwao kuna ng'ombe mmoja wa ndani,
ameolewa na rubani, ameachika, ameshukuru Mungu.
Kila Krismasi gauni liliongezwa upindo.

Wimbo wa pili, upande wa kwanza, aliujua wote
bila kujua neno hata moja.
Aliuimba akichambua mchele,
akaushusha Moshi mjini, akausukia watu nywele pale Majengo,
hadi ukafika kwaya ya usharika
na mwalimu Ndetaulwa akauvika maneno:
*Fungua mlango, Bwana, tumefika na mavuno.*

Na pale ubeti wa tatu, penye mkwaruzo,
sauti ya Rosalba ikirudi, ikirudi, ikirudi,
shangazi alidhani ndiyo madoido yenyewe.
Kwaya nzima ikafundishwa kukwama:
*Bwa— Bwa— Bwa— Bwana,*
besi wakichelewa kidogo, kwa makusudi.

Miaka arobaini wamekwama vizuri.

Mwaka jana akaja daktari wa Kikuba, Mawenzi, wodi ya watoto.
Idalmis. Nikampelekea jalada.
Akavaa miwani, akasoma mgongoni,
mahali ambapo kwetu palikuwa herufi na madoa ya samli.
Yasiyoandikwa akayajazia kwa kinywa cha bibi yake.

Alizaliwa kambi ya miwa. Tambarare. Joto.
Baba alikata, mama alifua suruali za wakataji,
maji yakitoka meusi
(nami nikakumbuka majivu ya mashamba yakitua
kwenye shuka zetu, na mama akitukana upepo).
Akiwa na miaka kumi na mitano redio ikamtaka sauti.
Baadaye sinema ikamtaka sura.
Alikufa katika filamu tano:
kwa kifua kikuu, kwa kisu, kwa kifua kikuu tena,
kwa mapenzi,
na mara moja kwa kuanguka ngazi, kwani fedha za filamu zilikwisha.
Hakuolewa.
"Na rubani?" nikauliza. Rubani hakuwapo.

Kisha koo. Upasuaji.
Sauti ikabaki mchanga unaosugua sufuria.
Akarudi jukwaani miaka kumi na miwili
akiigiza mabubu, mizimu,
mama wa bwana harusi asiye na la kusema,
na watu wakakata tiketi kumwona akinyamaza.

Na wimbo wetu?
Daktari akacheka hadi akashika meza.
Mwanamke yumo ndani. Nje mvua, mwanamume anagonga.
Sifungui, anamwambia.
Nenda kwa yule uliyemnunulia viatu.

Niliapa kutomwambia shangazi.
Nikamwambia jioni ileile.
Alikuwa anamenya ndizi, kisu hakikusimama.
Ganda moja. La pili.
"Viatu vya rangi gani?"
Sikujua.
"Na rubani yupo. Huyo daktari ni mtoto, atajuaje?"

Jumapili ya mavuno Idalmis akaja, akaketi nyuma
karibu na dirisha, kwenye benchi linaloyumba.
Kwaya ikasimama. Ubeti wa tatu ukafika,
wakakwama, *Bwa— Bwa— Bwa—*
nikamwona akijishika koo kwa vidole viwili,
kama anayempima mtoto joto.

Nje, kwenye mnada, majogoo, malimao, mkungu wa mshare.
Akanunua muwa mmoja kwa elfu tano.
Hakuuliza bei, hakungoja chenji.
Akaondoka nao begani kuelekea Mawenzi,
mrefu kumzidi, majani yakichapa kila aliyepishana naye.